Taa ya Njano

Tulipomzika Daktari kule Kesses mwezi uliopita, mpwa wake mmoja alishika kipaza sauti chini ya hema akatangaza kwamba marehemu ndiye aliyeleta akili bandia Uasin Gishu, enzi ambazo hata simu ya mezani ilikuwa ya kuombewa ruhusa. Watu wakapiga makofi, jambo ambalo zamani halikufanyika mazishini. Kijana aliyeketi mbele yangu akatoa simu yake, akaiuliza Daktari alikuwa nani, nayo ikamjibu papo hapo, bila hata kukohoa, kwamba alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu aliyestaafu. Daktari huyu huyu, aliyekuwa akipumzika katikati ya ngazi za ghorofa ya kwanza. Kijana akalisoma jibu lile kwa heshima, akamwonyesha mwenzake, na mwenzake akatikisa kichwa kwa huzuni mpya, kana kwamba ndio kwanza anasikia tumempoteza mwanariadha. Nilikuwa nikijiuliza kama niwasahihishe au niwaache na msiba wao ulioboreshwa, niliposikia mtu akisema nyuma ya sikio langu, "Ati akili bandia. Si ilikuwa kompyuta moja na paka?" Sikuhitaji kugeuka. Nywele za Chebet zilikuwa zimekuwa nyeupe, magoti yake yalihitaji fimbo, lakini sauti ilikuwa ile ile iliyokuwa ikimkosesha Daktari raha kila Jumatatu asubuhi, mwaka tuliofanya kazi pamoja sisi watatu.

Ulikuwa mwaka wa kupiga kura kwa mlolongo. Chama kilikuwa kimoja, kwa hiyo hakikuhitaji kutajwa jina, na mpiga kura alisimama uwanjani mchana kweupe nyuma ya mgombea, au nyuma ya mtu aliyeinua picha ya mgombea, akahesabiwa kama ng'ombe anayepelekwa kwa josho. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii ya saikolojia. Tasnifu yangu ilihusu jinsi binadamu anavyofanya uamuzi, na kwa upande wangu sikuwa nimewahi kuamua jambo zito kuliko chai au uji. Daktari alikuwa amerudi kutoka ng'ambo na shahada ya kufundisha mashine kufikiri, na wafadhili walikuwa wamempa kompyuta moja, chumba kimoja katika chuo cha Chepkoilel, na ruhusa ya kuajiri watu wawili. Mmoja alikuwa Chebet, mhandisi, mtu pekee kati yetu aliyejua kuchomelea waya. Wa pili nilikuwa mimi. Nilipomuuliza Daktari kwa nini alitaka mtu wa saikolojia, alisema mfadhili ndiye alitaka. Chumba kilikuwa baridi kama vyumba vyote vya kule juu kabla ya saa nne, na kompyuta ndiyo iliyokuwa kitu pekee chenye joto. Paka wa jikoni la wanafunzi aligundua jambo hilo kabla yetu. Asubuhi tulimkuta amelala juu ya kioo, mkia umening'inia mbele ya maandishi, na Daktari akawa anasoma matokeo ya utafiti wake kwa kuusogeza mkia kwa kalamu.

Kazi yenyewe nitaieleza upesi, maana ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kufanya. Wakati wa kuvuna mahindi katika nyanda zile mvua haina adabu. Ukiyaweka ghalani yakiwa na maji, yanaoza, yanaota ukungu, na familia inakula ukungu. Ukiendelea kuyaanika, mvua inayarudia, au majirani wanayasaidia kupungua. Kila nyumba, kila mwaka, inabidi iamue: leo tunaweka ghalani au bado? Daktari alitaka kompyuta itoe jibu. Enzi zile mashine haikujifunza yenyewe kama hizi za siku hizi zinazomeza maktaba nzima. Ilibidi ilishwe kanuni, moja moja, kwa mdomo. Ikiwa punje inavunjika kwa jino bila kubandika, na ikiwa jana hakukunyesha, basi yamekauka. Kanuni tulizitoa kwa wazee wa Ainabkoi na Kesses waliokuwa wakisifika kwa kujua mahindi. Mimi ndiye niliyewahoji. Nilimpa mzee punje, akaiuma, akafikiri, akasema imekauka. Nikampa mwenzake punje ya gunia lile lile, akaiuma, akasema, "Hii bado inalia." Lakini nilipofanya makosa ya kuwahoji wawili pamoja, yule wa pili hakuwahi kusikia mahindi yakilia. Aliuma, akamtazama mwenzake, akasema, "Ni vile Mzee amesema." Nilikuwa nimesoma jambo hilo darasani, jinsi neno la kwanza linavyotia nanga na maneno mengine yote yakazunguka hapo hapo. Nilifurahi sana kuliona kwa macho. Nilifurahi kama mtu anayeona nyumba inaungua na kukumbuka kwamba alifaulu mtihani wa moto.

Nilikuwa nimepanga chumba Kesses, nyuma ya duka la Mama Nyambura, mjane mnene mwenye sauti ya juu aliyekuja na mumewe kutoka Nyandarua akalima, akafungua duka, na bado alikuwa na shamba la mahindi upande wa Ainabkoi. Chumba kilikuwa na dirisha la mbao lililofungika nusu, kitanda cha waya kilichoniviringisha katikati kama chapati, na harufu ya mafuta ya taa na sabuni ya mche iliyopenya kutoka dukani. Jioni tulikula githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwenye benchi nyuma ya kaunta, mimi na wapangaji wengine, Mama akipakua kwa kikombe cha bati na kumlaumu kila mtu kwa kukonda kwake. Chebet alizoea kupita pale tukitoka Chepkoilel, na kisanduku alichokuwa akikitengeneza chini ya kwapa. Kompyuta haikuweza kwenda shambani, kwa hiyo yeye aliitengenezea mtoto: sanduku la mbao lenye kikombe juu, ambalo ukilijazia punje lilipima unyevu kwa umeme wa betri za tochi na kuwasha taa. Nyekundu, anika. Kijani, weka ghalani. Balbu za rangi hazikupatikana Eldoret, hivyo alizifunika balbu za tochi kwa karatasi za peremende kutoka chupa ya Mama Nyambura. Tulikula peremende nyingi sana mwaka ule, kwa ajili ya sayansi.

Mazungumzo ya kwenye benchi lile ndiyo ninayoyakumbuka kuliko chochote tulichochapisha. Mwanafunzi mmoja angeanza, "Mmesikia ule uchaguzi wa juzi, mtu wa laini fupi ndiye aliyetangazwa..." na mlango wa duka ungefunguka, mteja asiyejulikana angeingia kununua kiberiti, na githeri yote ingekuwa ghafla na ladha nzuri ajabu. "Chumvi iko sawa?" "Iko sawa kabisa, Mama." Mteja akiwa mchangamfu angeuliza, "Na nyinyi watu wa chuo, mnaonaje mambo ya siasa?" na sote tungemjibu kwa pamoja, kama kwaya: "Hatujui." Nchi nzima ilikuwa imejifunza kutojua. Mama Nyambura hakujua, na mwenye kinu cha kusaga hakujua. Mhadhiri wa sayansi ya siasa ndiye hakujua kuliko wote.

Basi fikirini Daktari alivyoshtuka siku Chebet alipoleta Chepkoilel kisanduku chenye taa tatu. Alikiweka mezani, akamwondoa paka, akajaza mahindi. Taa ya katikati ikawaka, ya njano.

"Hiyo inasema nini?" Daktari akauliza.

"Inasema haijui."

"Haijui nini?"

"Kama yamekauka ama bado. Wazee wenyewe hawakubaliani, Daktari. Kuna mahindi iko katikati. Hapo mimi sitaki idanganye mtu. Imwambie ajaribu tena kesho."

Daktari alivua miwani. Alikuwa mtu mpole, na alipokasirika alizidi upole hadi ukaogopa. "Chebet. Mfadhili anakuja. Mkuu wa wilaya anakuja. Nitasimama nimwambie mkubwa wa serikali kwamba tumekula pesa za watu mwaka mzima tukatengeneza sanduku la kusema halijui? Nchi hii ina sijui za kutosha."

"Za uongo ziko za kutosha," Chebet akasema. "Hii ni ya kweli."

Nilitazama kiatu changu. Paka alirudi juu ya kompyuta. Chebet akaendelea, polepole, kwamba kifaa si kile kinachofurahisha mwenye kukilipia, ni kile kinachomsaidia mwenye kukishika akiwa peke yake ghalani na mawingu yanakuja. Kwamba mtu akiona kijani ataacha kutumia akili yake mwenyewe, hata jino lake halitamwambia kitu tena, hivyo kijani isiwake ovyo. Leo ningeweza kukupa majina ya kitaalamu ya kila sentensi aliyosema; watu wanalipwa vizuri kuyafundisha. Siku ile Daktari alisema tu kwamba tutengeneze vya aina zote mbili, cha taa mbili na cha taa tatu, na wakulima wachague. Pesa za mwaka uliofuata zingetosha aina moja tu. Ikiwa ni ya taa mbili, yeye mwenyewe na fundi wa mbao wangeimudu. Hakumalizia, lakini sote tulielewa kwamba taa ya njano ikizimwa, Chebet angeenda nayo.

Kwa mara ya kwanza digrii yangu ilipata kazi. Nilipanga jambo lote kwa uangalifu: tungeenda barazani Ainabkoi, kila mkulima angeingia peke yake katika darasa la shule ya msingi, angetumia kisanduku kimoja kisha kingine, na angeniambia mimi, mlango umefungwa, ni kipi angependa kuwa nacho nyumbani. Mfadhili alisifu mpango. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa bado uko chini na watu walikuwa wamejifunga mablanketi, wakisimama wakitoa moshi midomoni kama mabirika. Daktari alikuwa ameeleza vifaa vyote viwili, kwa haki kabisa, nami nilikuwa nimesimama mlangoni mwa darasa nikimwalika mtu wa kwanza, wakati Chifu aliponiita. Alikuwa mtu mrefu, amevaa kaki na kofia, na hakuwa mkali. Alishangaa tu.

"Kijana, unawapeleka wapi?"

"Ndani, Mzee. Mmoja mmoja. Waniambie wanachopenda."

"Wakuambie wewe? Kwa masikio?"

"Ndiyo, Mzee. Ili kila mtu awe huru."

Nilisikia neno lile likitoka mdomoni mwangu na nikaona Daktari akifumba macho. Chifu alicheka, akawageukia watu. "Hapa hakuna mambo ya kunong'ona! Hapa tunachagua mchana, kila mtu aonekane! Daktari, shika yako. Wewe mama, shika yako. Wananchi, pangeni laini!"

Na hivyo ndivyo kifaa cha kupimia mahindi kilivyopigiwa kura ya mlolongo. Daktari akainua cha taa mbili juu ya kichwa. Chebet akainua chake, hatua kadhaa kutoka hapo. Kwa muda hakuna aliyesogea. Watu walikuwa wakimtazama Chifu, na Chifu, ambaye naamini hakuwa amefikiria lolote kuhusu unyevu wa mahindi tangu alipoamka, akaona anatazamwa. Akaangalia kisanduku cha Daktari, akaangalia kisanduku kinachokiri hadharani kwamba hakijui. Akaenda kusimama nyuma ya Daktari. Baada ya hapo nyasi zilikanyagwa upande mmoja tu. Mzee mwenye mahindi yanayolia alisimama nyuma ya Chifu. Mama Nyambura, aliyekuja kwa ajili ya shamba lake, alisimama katikati ya laini hiyo, kitenge kimefunika kidevu, akitazama mgongo wa mtu aliye mbele yake kama anausoma. Laini ilifika kwenye ua wa shule ikapinda. Nyuma ya Chebet hapakuwa na mtu, hadi mzee mmoja aliyechelewa akaja na fimbo yake, akaona pale pana nafasi, akasimama. Uso wa Chebet uliwaka. Mzee akamgusa begani.

"Mama, hii ndio laini ya dawa ya ng'ombe?"

"Hapana, Mzee. Ya dawa ni kesho."

"Haya," akasema, akaenda zake, na watu wakacheka kicheko cha kushukuru, maana walikuwa wametafuta kitu cha kuchekea. Chebet hakushusha kisanduku hadi Chifu alipotangaza matokeo, ambayo hayakuhitaji kuhesabiwa. Alipokishusha akajifanya anakagua betri.

Tulipewa chakula katika hoteli ndogo ya mabati kando ya barabara: ugali, nyama ya kuchemsha, maziwa ya mursik yenye chembe za makaa. Daktari na mfadhili walikaa chumba cha mbele na wakubwa. Mimi na Chebet tulikaa nyuma, karibu na jiko, ambako moshi ulimpa kila mtu kisingizio cha kufuta macho. Hapo ndipo walipoanza kuja. Wa kwanza alikuwa Mama Nyambura, aliyejifanya anatafuta maji ya kunawa.

"Chebet, hiyo yako ya taa ya katikati. Utanitengenezea moja?"

"Si nimekuona kwa laini ya Daktari, Mama?"

"Umeniona. Na ungetaka nisimame wapi? Leseni ya duka inapitia kwa nani? Mimi ile ya taa mbili siipendi, inaniharakisha. Lakini usiseme nimesema."

Akaja mzee wa mahindi yanayolia, akaja mwalimu, wakaja akina mama wawili waliosukumana. Kila mmoja alinong'ona, kila mmoja alitazama mlango. Nilicheka peke yangu kwa uchungu: kura yangu ya siri ilikuwa ikifanyika, ila jikoni. Mwisho pazia likasogezwa na Chifu mwenyewe akaingia, kofia mkononi, akalazimika kuinama kwa sababu ya paa. Mpishi akatoka bila kuambiwa.

"Mama," alimwambia Chebet, kwa sauti ambayo sikudhani anayo, "mwaka jana niliweka mahindi ghalani ikaoza yote. Kila mtu alinishauri. Wote walikuwa na hakika. Hakuna hata mmoja aliniambia hajui." Akaikunjua kofia na kuikunja. "Hiyo yako nipatie moja."

Chebet alisukuma sahani kando. "Na laini, Mzee?"

"Mbele ya watu siwezi kusimama nyuma ya kitu kinasema hakijui. Wewe pia unajua."

Tukirudi Eldoret nilimweleza Daktari yote, bila kutaja majina. Alikuwa amekaa mbele kando ya dereva na hakugeuka. Nilisema tulichopima si wanachotaka watu, ni anachotaka Chifu. Kwamba tukiilisha kompyuta matokeo yale itajifunza uoga na kuuita maarifa. Nilikuwa kijana na nilipenda sentensi hiyo. Daktari alingoja niimalize.

"Mwangi, nilikuwa nimeshika sanduku mbele yao. Nilikuwa nawaona nyuso. Unadhani sikujua?" Kisha, baada ya mabonde mawili matatu: "Kuna mmoja kati yao atakubali niandike jina lake?"

"Hapana."

"Basi. Wewe ni mtu wa saikolojia. Mimi ni mtu wa kuajiriwa."

Chebet aliyasikia hayo yote, kisanduku mapajani. Mkataba wake uliisha na ule mwaka. Vya taa mbili vilitengenezwa, vikagawiwa, na mvua za mavuno yaliyofuata zikavikuta vikiwasha kijani kwa mahindi ambayo jino la mtoto lingeyakataa. Hakuna aliyelalamika. Watu waliviweka tu juu ya kabati, na miaka mingi baadaye nilikiona kimoja katika nyumba fulani kikitunza sindano na nyuzi. Daktari akawa profesa. Mimi nikaandika makala za magazeti, kazi ambayo mtu hulipwa kwa kuwa na hakika mara moja kwa wiki. Sikumchukia Daktari wakati ule, wala sasa. Nilipoliangalia jeneza lake likishuka nilifikiri jinsi alivyochoka mapema, na jinsi uchovu wenyewe ulivyofanana na busara ukiutazama kutoka mbali.

Baada ya mazishi Chebet alinipeleka kwake Ainabkoi, akiendesha pikapu kuukuu kwa kasi isiyolingana na magoti yake. Nyumba yake ina chumba kimoja cha kazi chenye redio zilizofunguliwa tumbo, ambako kwa miaka yote hii amekuwa akitengenezea watu vitu vinavyokataa kufa. Alinipa chai, akasogeza nyaya mezani, akatoa kisanduku. Mbao zilikuwa nyeusi kwa mikono na moshi. Nilikuwa sijui kama alimtengenezea Chifu kweli. Sikuwahi kuuliza, naye hakuwahi kusema.

"Mzee alikaa nayo mpaka akafa," akasema. "Chini ya kitanda. Sasa bibi yake ndiye anaitumia. Ameileta nimrekebishie kabla ya kuvuna."

Akaweka betri, akajaza punje za majaribio kutoka mkebe mmoja. Nyekundu ikawaka. Akamwaga, akajaza za mkebe mwingine. Kijani ikawaka, karatasi yake ya peremende bado ina mng'ao. Akajaza za mkebe wa tatu na tukangoja. Katikati hapakuwaka kitu. Chebet akaichomoa ile balbu, akaipa mwanga wa dirisha ili nione: imeungua, nyeusi ndani, na karatasi yake imebabuka ikawa rangi ya chai.

"Hizo mbili ni zile zile nilizoweka mwanzo," akasema. "Hii ndiyo kila wakati ananiletea nibadilishe."

Alitafuta balbu mpya ndani ya kopo la misumari, akaipangusa kwa kanga yake, akaikaza. Kisha akafungua droo, akanirushia peremende ya karatasi ya njano.

"Kula hiyo haraka. Nahitaji karatasi."

Hospitalini wamenikataza sukari. Niliifungua, nikaila.